Babu Hatanguliwi

Ipo nchi moja, na sisemi iko wapi, kwa sababu mimi ni dereva wa serikali yake na leseni yangu bado iko mezani kwa mtu inangoja muhuri. Ukiona inafanana na ya kwenu, chukulia kama unavyochukulia watu wawili wanaofanana sokoni: hawajuani, na kila mmoja ana mama yake.

Nchi hiyo ina Wizara ya Majuto na Radhi za Taifa, nami naendesha gari lake. Nchi nyingine zikikosea hukanusha, au huunda tume. Sisi ni watu wastaarabu. Tukikukosea tunakuja mpaka kwako, tunavua viatu, tunakaa mkekani na kusema tumekosa. Wala hatuji hivi hivi, maana mkono mtupu haulambwi. Tunakuja na kilo ya sukari, ile ya serikali, kwenye mfuko wa kaki wenye nembo ya taifa. Ukisema "nimewawia radhi", jambo limekwisha, halisemwi tena barazani wala mahakamani, na radhi ikishatoka mdomoni hairudi. Usipojibu, radhi inabaki wazi. Na sheria ya nchi inasema wazi kabisa: penye radhi iliyo wazi, hapakatwi utepe.

Sheria hiyo waliitunga wazee wa uhuru, ambao walikuwa wanaogopa laana kuliko wapinzani. Wakubwa wa siku hizi laana hawaiogopi, lakini kukata utepe wanakupenda kufa, kwa hiyo sheria inafanya kazi vizuri sana. Haikusema nani amwombe nani. Nadhani waliona hapana haja.

Bosi wangu anaitwa Bwana Shekue, na cheo chake ni Mwombaradhi wa Kanda. Ni mrefu, shingo imepinda mbele kwa miaka ya kuinama, na magoti anayapaka mafuta ya karafuu kila asubuhi kabla ya kazi. Alipandishwa cheo siku alipowalilia wafiwa wa daraja lililoanguka, akalia kwa jicho moja tu, kwa sababu la pili lilikuwa linaangalia saa. Watu wa wizarani wanamcheka kwa hilo. Mimi ninayempeleka na kumrudisha najua kwamba siku ile, tukiwa njiani kurudi, lile jicho la pili nalo lililia.

*

Sasa nikuambie habari za Babu. Babu si mtu. Babu ni kituo cha kufua umeme kwa mafuta mazito, kilichojengwa kabla hatujapata bendera, na kina dohani moja nene ambayo kila Mkuu wa Nchi amepiga nayo picha. Kwa kuwa ndiye mkongwe kuliko mitambo yote, tunampa heshima yake. Maofisa wakipita getini wanavua kofia. Mkurugenzi wa Umeme yeye humwamkia kabisa, na wapo wanaoapa kwamba waliwahi kusikia akiitikiwa.

Babu hutoa umeme kwa jiji zima na masizi kwa mtaa wa Vumbini, maana ndiko upepo unakoelekea. Kila mwezi tulikwenda Vumbini na sukari, nyumba kwa nyumba, na Vumbini walikuwa watu wa kuelewana nao. Mtu anakohoa, anapokea sukari, anakohoa tena, anasema nimewawia radhi. Wengine walikuwa wakitusikia tukifunga breki tu, wanapiga kelele kutoka jikoni kwamba wametuwia radhi, tuiache sukari dirishani.

Isipokuwa nyumba moja. Nyumba ile ni ya Bi Mwanakombo, dobi wa kanzu nyeupe. Hebu fikiria, dobi wa nguo nyeupe chini ya moshi wa Babu. Anafua, anatia wanga, anaanika, anaanua ikiwa na madoadoa, anafua tena. Lakini la kanzu aliliacha, alisema hizo ni nguo tu. Lililomkaa ni la mumewe, Mzee Faki, ambaye jiji zima linamwita Refa. Wakati wake Refa alikuwa anachezesha mechi kubwa kubwa, akipuliza kipyenga anasikika mpaka stendi ya mabasi. Sasa alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, mrija puani, na mashine ya oksijeni inaunguruma pembeni. Kile kipyenga kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari juu ya kichwa chake, na hakuwa na pumzi ya kukipuliza hata kitoe mlio wa ndege.

Na mashine ile, msomaji wangu, ilikuwa inatumia umeme wa Babu. Umeme ukikatika, Refa anakosa hewa kwa sababu mashine imezimika. Umeme ukirudi, anakosa hewa kwa sababu Babu anavuta. Bwana Shekue aliwahi kujaribu kumweleza Waziri jambo hilo, na Waziri alifurahi sana, akasema huo ndio uchumi unaojitegemea.

Bi Mwanakombo alikuwa akitupokea vizuri, anatuandalia chai ya tangawizi, halafu anasema neno lile lile kila mwezi. "Sukari nimeipokea, wanangu. Radhi sijatoa. Siku bomba lile la moshi likizimwa, njooni."

*

Wakati huohuo kaskazini, kule nyikani ambako hata mbuzi hutembea ameinamisha kichwa kwa upepo, serikali na marafiki zake wa nje walikuwa wamejenga mitambo ya upepo. Lo, mitambo mizuri, mirefu, myeupe kuliko kanzu yoyote ya Bi Mwanakombo. Mapanga yake yakizunguka, umeme wake ungetosha jiji zima na Babu angelala kama wazee wengine wanavyolala. Moshi usingekuwepo. Ile hewa ukaa tunayokwenda kuionea haya kwenye mikutano ya ng'ambo ingepungua mpaka wajumbe wetu wakose la kujutia.

Kasoro ilikuwa moja. Waya haukuwepo. Tulichimba kisima tukasahau kamba. Mitambo ikazunguka miaka, umeme hauna pa kupita, ikifikia kiasi fulani inafungwa breki ili isijiharibu. Wizara yangu ilifanya wajibu wake. Tulikwenda mpaka kule, Bwana Shekue akapiga magoti, akauomba upepo radhi kwa niaba ya taifa. Upepo ukaipeperusha sukari yote. Tukaandika kwamba umeridhia.

Hatimaye Mkuu wa Nchi akatamka waya ujengwe, na ukajengwa. Minara ya chuma ikapangwa kutoka nyikani, ikavuka mito, ikapita juu ya mashamba ya watu waliopewa sukari, ikafika kwenye mlango wa jiji. Gazeti la serikali likaandika kwamba siku za moshi zimehesabika. Nilimsomea Bwana Shekue maneno hayo garini, akaniambia nirudie. Nikarudia. Sijapata kumwona ameketi wima kama siku ile.

*

Kilichotokea baadaye kilitokea kwenye kikao, na mimi nilikuwepo kwa kuwa nilibeba mkoba wa Mheshimiwa Mavura, Waziri wetu, na mkoba ule hauruhusiwi kukaa chini wala juu ya kiti. Unashikwa.

Mhandisi wa laini, binti mmoja aitwaye Injinia Nyamizi, alitandaza ramani mezani akaeleza kwamba waya utapita nje ya jiji na kuingia moja kwa moja kwenye kituo kipya cha kupozea umeme. Umeme wa upepo utangulie, alisema, kwa kuwa hauna moshi wala hauhitaji mafuta, na Babu awashwe pale tu upepo unapopungua.

Wajumbe wote walimgeukia kama vile katukana. Mkurugenzi wa Umeme akavua miwani.

"Binti," akasema, "hiyo mitambo yako ina umri gani?"

"Haijafika miaka minane, mzee."

"Na Babu?"

"Babu ni wa zamani, mzee. Ndiyo maana napendekeza apumzishwe."

"Kwenu wazee mnawafanyia hivyo?"

Injinia Nyamizi akatazama meza. Waziri Mavura akasimama, akafunga kifungo cha koti, na alipofunga kifungo kila mtu alijua kwamba chakula cha mchana kitachelewa.

"Ndugu wajumbe," akasema, "umeme ni kama watu, nao una ukoo na heshima zake. Mgeni gani huyu anayetoka nyikani, anaingia mjini usiku na mchana, anapita mlangoni kwa mzee wa nyumba bila kubisha hodi? Sisi tumelelewa. Waya utaingia kwanza kwa Babu. Babu ataingiza umeme wake kwanza, kwa kuwa mkubwa hutangulia kunawa. Nafasi ikibaki wayani, huyo kijana wa upepo naye apite, kwa adabu. Babu hatanguliwi."

Wakapiga makofi. Injinia Nyamizi alijaribu mara moja tena. Alisema kwamba zamani Babu alikuwa anaishia jijini kwa sababu waya wake ulikuwa mfupi. Akiunganishwa na waya huu mrefu, ataweza kuuza mpaka miji ya bara, na mpaka kwa jirani zetu ng'ambo ya mpaka. Atachoma mafuta zaidi, si pungufu, na moshi utaongezeka.

"Alhamdulillahi," akasema Mkurugenzi. "Mzee wetu atatembea."

Nilimwangalia Bwana Shekue. Alikuwa amekaa kiti cha mwisho, karibu na birika la chai. Yeye ndiye aliyekuwa anaijua Vumbini, na neno lake lingesikika, maana hata Waziri humwogopa kidogo mtu anayejua kulia. Alifungua mdomo. Akachukua andazi, akalitia mdomoni, akatafuna mpaka kikao kikaisha.

Tulipotoka, Waziri alimshika bega. "Bwana Shekue, nasikia kuna bibi mmoja Vumbini ana radhi yetu. Tunakata utepe Ijumaa. Naitaka radhi hiyo kabla ya Ijumaa, na usiniambie imeshindikana."

*

Njiani kwenda Vumbini, bosi na mimi tulisimama kwenye reli kupisha treni. Pale ndipo akaniuliza, "Dereva, huenda wakiona moshi umezidi watabadilisha, sivyo?"

"Huenda, bosi," nikasema. Mimi ni dereva, na dereva kazi yake ni kukubali.

Bi Mwanakombo alikuwa anapiga pasi. Refa alikuwa macho, akatuinulia kidole kimoja, ndiyo salamu aliyoiweza. Bwana Shekue akavua viatu, akakaa, akaweka sukari mkekani, akaanza maneno ya kazi: serikali yako inakutambua, serikali yako inajuta. Bibi akamkatiza.

"Hayo nayajua kwa moyo, mwanangu. Nimeona minara kule barabarani. Niambie, waya ule ukifika, Babu atazimwa?"

"Atapumzika, bibi."

"Kupumzika hata mimi napumzika nikishamaliza kanzu tano, halafu naendelea. Nakuuliza, atazimwa?"

Mashine ikaunguruma. Bwana Shekue akamtazama Refa, akatazama kile kipyenga msumarini, akatazama magoti yake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na nilikuwa najua alichokuwa anajua, na kama nilivyosema, mimi ni dereva.

"Atazimwa," akasema.

Bi Mwanakombo akaweka pasi chini. Akaenda kitandani akainama sikioni kwa mumewe. "Umesikia, baba? Kijana anasema linazimwa." Refa akafumba macho, akafumbua, akaelekeza kidole juu, kwenye kipyenga. Bibi akacheka, akakishusha, akamtia mkononi. "Anasema siku ya kuzima atapiga mwenyewe cha kumaliza mchezo."

Halafu akamgeukia Bwana Shekue, akamshika mikono yote miwili, maana kwetu radhi haitolewi kwa mkono mmoja. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. "Upepo ni mgeni mwema. Mimi nimewawia radhi, mwanangu, ninyi na waliowatuma. Na wewe hasa, kwa kuwa hukuacha kuja."

Garini nilimpa kitambaa. Alikipokea, hakukitumia, akakikunja kunja mpaka tulipofika ofisini.

*

Ijumaa utepe ulikatwa. Bendi ilipiga, watoto wa shule walisimama juani na vijipanga vya karatasi, na Mheshimiwa Mavura alitangaza kwamba nchi imeingia kwenye nishati safi kwa mlango wa mbele. Ni kweli mlango ulikuwa wa mbele, ila ulikuwa wa Babu. Kwenye chumba cha kuongozea gridi walibandika karatasi ukutani: WAKUBWA KWANZA. Babu akaingia wayani kifua mbele, akaujaza. Kijana wa upepo akaambiwa angoje, na kule nyikani mapanga yakafungwa breki kama zamani.

Na Babu akatembea kweli. Alifika miji ya bara ambayo haikuwahi kumwona, akafika mpaka kwa majirani. Kila mji ulipouonja umeme wake uliomba zaidi, na Babu akaonekana amezidiwa, kwa hiyo akajengewa ndugu. Dohani ya pili ikasimama kando ya ile ya kwanza. Watu wakaiita Babu wa Pili, na ingawa ilikuwa changa kuliko mitambo ya upepo, iliamuliwa kwamba imezaliwa kwenye nyumba ya wazee, hivyo nayo ni mkubwa.

Wale marafiki wa nje wakaandika kuuliza mbona hewa ukaa yetu imeongezeka baada ya kujenga waya wa kuipunguza. Waziri aliwajibu kwenye redio, nami nilimsikia. Alisema wataalamu wetu wamegundua kipimo bora zaidi, ambacho ni moshi kwa kila kilomita ya waya. Moshi umeongezeka kidogo, lakini waya umeongezeka sana, kwa hiyo moshi kwa kilomita umeshuka kwa kiwango ambacho hakijapata kuonekana barani. "Waya ukirefuka, moshi unapungua," alisema. "Tutaurefusha mpaka moshi uishe, hata kama itabidi waya uizunguke nchi mara mbili."

Jijini tulifurahi, sitaki kudanganya. Umeme ulikuwa haukatiki. Mimi mwenyewe niliingiza friji ndani, mke wangu akaanza kuuza barafu na juisi ya ukwaju, na watu wakaisifu juisi kwa ubaridi wake. Nilipokuwa nakunywa glasi yangu jioni nilikuwa naangalia upande mwingine, usio wa Vumbini. Friji lenyewe halikuniuliza kitu.

Bwana Shekue aliacha kwenda Vumbini. Radhi ilikwisha tolewa, jambo limefungwa, sheria haimtaki aende. Kama njia yetu ilipita huko, alikuwa ananiambia nizunguke. Tukazunguka sana. Tulichoma mafuta mengi ya serikali kwa kuukwepa ule moshi.

*

Refa alikufa mchana wa Jumanne, umeme ukiwapo. Mashine haikuzimika hata dakika moja. Jirani yake mmoja aliniambia kwamba alikufa kipyenga kikiwa mkononi, na kwamba kwa siku nyingi alikuwa akiuliza kwa macho kama tayari, na mkewe akimwambia bado kidogo, baba, wanamalizia malizia.

Wizara ikatuma sukari ya rambirambi. Tulifika kwenye msiba, watu wamekaa mkekani nje, na masizi yanashuka taratibu kwenye kofia zao nyeupe. Bwana Shekue hakushuka. Alikaa kiti cha nyuma, kioo kimepandishwa, akaniambia, "Ipeleke wewe." Nikaipeleka. Nilikuwa sijawahi kuibeba, na nikaona kilo moja ina uzito ambao dukani huusikii.

Bi Mwanakombo aliipokea kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa makavu. Akatazama juu ya bega langu, akaliona gari, akakiona kioo.

"Mwambie asijisumbue kushuka," akasema. "Nitakuja mimi."

*

Alikuja baada ya kutoka eda. Alivaa buibui jeusi, na mkononi alikuwa na mfuko wa kaki wenye nembo ya taifa, uleule, haujafunguliwa. Walinzi wakamuuliza ana shida gani. Akasema amekuja kuomba radhi.

Hapo wizara nzima ikavurugika. Tulikuwa na ofisi ya kutoa majuto, ofisi ya kupima majuto, na ghala la sukari, lakini hatukuwa na mahali pa kumketisha mtu anayekuja kutuomba sisi. Hata mkeka haukuwepo, maana mikeka tuliikuta nyumbani kwa watu. Mwisho mhudumu akatandika gazeti la serikali chini, mbele ya meza ya Bwana Shekue, na Bi Mwanakombo akavua viatu akaketi juu ya picha ya Waziri akikata utepe.

Bwana Shekue alisimama, akakaa, akasimama tena. "Bibi, inuka, tafadhali. Mimi ndiye..."

"Kaa, mwanangu. Nimekuja kwa taratibu zenu, niache nimalize." Akaiweka sukari mezani. "Mimi nimekukosea. Wewe ulikuja kwangu ukiwa umekwisha kujua. Nilikuona usoni. Nimefua nguo za watu miaka arobaini, doa nalijua hata likiwa limefichwa kwenye pindo. Nilikuona, na bado nikakuamini, kwa sababu nilikuwa nimechoka na nilitaka Faki alale na neno zuri. Kukuamini kwangu ndiko kulikokutia kwenye uongo ule ukashindwa kutoka. Kama ningekataa, ungerudi kwao ukawaambia bibi amegoma, na utepe usingekatwa. Kwa hilo nimekuja. Niwie radhi."

Mimi nilikuwa mlangoni, funguo mkononi. Bwana Shekue alifungua mdomo kama siku ile ya kikao, na safari hii hapakuwa na andazi.

Bi Mwanakombo hakungoja. Akavaa viatu, akaniambia nisimsindikize, akaenda zake.

*

Habari zikamfikia Mheshimiwa Mavura kabla bibi hajafika kituo cha basi, na alifurahi kuliko siku ya utepe. Mwananchi ameiomba serikali radhi kwa ajili ya moshi. Haijapata kutokea. Alitaka itangazwe kwenye redio, itengewe siku yake ya mapumziko, na Vumbini yote ije kwa mistari. Akamwambia Bwana Shekue amjibu bibi upesi, neno moja tu, ili mambo yaendelee, kwa sababu mwezi ujao kulikuwa na utepe mwingine. Dohani ya tatu ilikuwa tayari.

Bwana Shekue akasema anaomba muda.

Ndipo mwanasheria wa wizara, mzee mmoja anayelala vikaoni, akaamka akakumbusha kwamba penye radhi iliyo wazi hapakatwi utepe, na sheria haikusema nani amwombe nani. Waziri akacheka. Kisha akaacha kucheka. Akaagiza sheria isomwe tena, ikasomwa, ikawa ni ileile.

Tangu hapo wakubwa wanapanga foleni kwenye ofisi ya bosi wangu. Mkurugenzi wa Umeme alikuja kumkumbusha adabu. Katibu Mkuu alikuja kumwahidi ubalozi. Kumfukuza hawawezi, maana radhi imeombwa kwake yeye kwa jina lake, na akiondoka anaondoka nayo ikiwa wazi. Juzi alikuja Waziri mwenyewe, na nikaona kwa macho yangu Mheshimiwa Mavura anavua viatu, anakaa juu ya gazeti, anaweka kilo ya sukari mezani, karibu na ile nyingine.

"Ndugu yangu Shekue, neno moja tu. Mwambie bibi wa watu umemsamehe. Kwani umemchukia?"

"Sijamchukia, Mheshimiwa. Hakunikosea. Nitamsameheje mtu kwa kuniamini?"

"Basi sema tu. Mbona zamani ulikuwa unasema tu?"

Bosi wangu akainamisha ile shingo yake. "Zamani nilisema tu," akajibu.

Kwa hiyo dohani ya tatu imesimama pale bila moto, utepe mwekundu umeifunga kiuno na jua linaupausha. Na kwa kuwa miji ya bara imeshazoea umeme, inapiga simu, inalalamika, na Babu na mwenzake hawatoshi, ilibidi Injinia Nyamizi aitwe. Akavuta waya mwingine kutoka njia kuu mpaka kituo kipya cha kupozea umeme, bila kupita kwa Babu, na kule nyikani mapanga yakafunguliwa breki. "Kwa muda tu," Waziri alisisitiza. Kijana wa upepo akapita, pamoja na adabu zake. Injinia anasema Babu wa Pili sasa anawaka nusu siku, na mambo yakiendelea hivi hatawaka kabisa. Jana nilipita Vumbini, maana siku hizi bosi hanizungushi tena, nikaona kamba ya Bi Mwanakombo ina kanzu nyeupe kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ndani, kitanda cha kamba kilikuwa kimesimamishwa ukutani.

Bwana Shekue hakuteremka. Alishusha kioo, akatazama. Bibi alitazama pia. Hawakuamkiana.

Amekonda, bosi wangu. Chai anakunywa bila sukari, na zile kilo mbili ziko mezani kwake, sisimizi wameziona kabla ya mhudumu. Nilikuwa nimejipanga kumwambia neno la faraja, kwa hiyo tulipofika kwenye reli nikamwambia, "Bosi, Mungu ni mkubwa. Iko siku moyo utakuwa mwepesi, utamjibu bibi, yataisha."

Aliitazama treni mpaka ikapita yote.

"Siku moyo wangu ukiwa mwepesi nitajibu," akasema. "Na siku nitakayojibu, wanawasha ya tatu. Kwa hiyo, dereva, usiniombee nafuu."

Sijamwombea. Na friji langu bado linaunguruma.